Hamali Hafuti Chapa ya Mzigo

Hamali wa bandarini hakuajiriwa kwa ilimu ya kusoma. Aliajiriwa kwa nguvu za mgongo wake na kwa amana. Gunia la karafuu lililoandikwa jina la mwenyewe kwa wino mweusi lilipotoka ghalani kuingia chomboni, na lilipotoka chomboni kuingia ghala la ng'ambo, lilitakiwa lifike na jina lile lile. Hamali angeweza kuwa hajui alifu wala be, na hilo halikuwa aibu. Aibu ilikuwa kuifuta chapa ya mzigo kwa sababu tu yeye hawezi kuisoma, kisha amwambie mwenye mali kwamba kosa ni lake kwa kuwa na jina gumu.

Katika dunia ya kompyuta aibu hiyo ilifanywa kuwa kanuni. Kwa miaka mingi programu zilizopewa kazi ya kubeba faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine zilikuwa zikifuta majina yasiyoandikwa kwa herufi za Kizungu, na mafundi wenye kuzitumikia wakawa wanawashauri wenye maandishi wabadilishe majina yao. Ushauri huo ungali unatolewa leo, ilhali udhuru wake umekwisha zamani. Yafaa uitwe kwa jina lake: ni dhuluma iliyovaa joho la utaalamu.

Msomaji wa mashairi huenda akauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Miswada ya tenzi na mashairi ya pwani iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu imetawanyika London, Hamburg, Dar es Salaam na kwingineko, na kazi ya kuihifadhi haifanywi tena kwa kabati na dawa ya mchwa peke yake. Hufanywa pia kwa picha na kwa faili. Kila faili lazima ipewe jina, na jina hilo lazima libebwe na mtu au kitu. Swali ni nani hulibeba, na hulifikishaje.

Ilivyo ni hivi. Katika chuo, maktaba au ofisi ya nyaraka, faili hazikai katika kila meza. Hukaa katika kompyuta moja kubwa iitwayo seva, mfano wa ghala. Katika kompyuta ya msomaji huwekwa programu ambayo mafundi huiita mteja, nayo huzifanya folda za ghala lile la mbali zionekane kana kwamba zimo mezani pale pale. Msomaji akibonyeza jina, programu hiyo hulipeleka kwa seva. Seva hulitafuta katika orodha yake, ikiliona hutoa faili. Basi jina hapa si pambo, ni ufunguo. Likiharibika njiani, faili huwa ipo ghalani, huonekana kwa macho, na haifunguki.

Asili ya uharibifu ni majedwali. Kompyuta haijui herufi. Inajua nambari, na lazima pawe na jedwali linalosema nambari fulani ni herufi fulani. Jedwali la Kimarekani liitwalo ASCII, lililotolewa kwanza mwaka 1963 na kutiwa herufi ndogo mwaka 1967, lina nafasi 128 tu: herufi 26 za Kiingereza, kubwa na ndogo, tarakimu, vituo, na amri za mashine. Walimwengu wengine walibaki nje ya mlango. Baadaye yakaja majedwali ya nafasi 256, kila upande wa dunia na lake. Jedwali la kimataifa la Kiarabu, ISO 8859-6 la mwaka 1987, lilitengenezwa kwa ajili ya Kiarabu peke yake: halina پ ya kuandikia p, wala چ ya ch, wala ڤ ya v, wala گ ya g. Jedwali la Kiarabu la Windows, nambari 1256, liliwafikiria pia wasomaji wa Kiajemi na Kiurdu, likatia پ na چ na گ. Ile ڤ halikuitia. Mswahili hakuwamo katika hesabu ya yeyote.

Na herufi hizi si anasa. Waandishi wa kale waliitumia be moja kwa b, p na mb, wakamwachia msomaji atambue kwa mazoea yake. Wataalamu wa baadaye waliona haja ya kutenganisha sauti hizo. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mwaka 1997 mapitio ya historia ya hati hiyo na mapendekezo ya kuikamilisha. Nukta tatu chini ya herufi, badala ya moja, ndizo zinazomtenga paa na baa, mnyama wa mwituni na msiba wa dunia. Sasa mwandishi akijua kwamba nukta zake zitaliwa njiani, hufanya nini? Huacha kuziandika. Hapo mashine imekwisha kumfundisha tahajia yake, na katika orodha ya hadithi zake kisa cha paa kimegeuka kisa cha baa.

Dawa ilipatikana zamani. Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ilikusudia kuziweka hati za dunia nzima katika jedwali moja, na herufi zote nne zilizotajwa hapo juu zina nafasi zake humo. Mwaka uliofuata, 1992, Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, njia ya kuziandika nambari za Unicode kwa baiti bila kuyavunja yaliyokwisha kuandikwa kwa ASCII. Windows NT ya mwaka 1993 ikawa inahifadhi majina ya faili kwa Unicode katika diski zake. Kwa hiyo tangu mwanzo wa miaka ya 1990 haikuwa halali tena mtu kusema kwamba jambo hili haliwezekani.

Lakini ghala lenye rafu nzuri halifai kitu ikiwa hamali ndiye mfutaji. Na mahamali hawa walikuwa wa namna mbili.

Wa kwanza ni asiyejua kusoma lakini ana amana. Mfumo wa NFS, uliotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, ulilibeba jina kama mfuatano wa baiti, bila kuuliza ni la jedwali gani. Kilichoandikwa kilifika. Taabu yake ni kwamba msomaji wa upande wa pili, asipoambiwa jedwali, hubahatisha. Herufi پ katika UTF-8 ni baiti mbili. Kompyuta inayobahatisha kwa jedwali la Ulaya Magharibi huonyesha herufi U yenye mkwaju kichwani, ikifuatwa na alama ya robo tatu. Ni kichekesho, lakini si maafa. Baiti zipo, na siku litakapopatikana jedwali sahihi jina litasomeka.

Hamali wa pili anajua kusoma kidogo, na kidogo hicho ndicho kilicholeta maafa. Huyu alilipokea jina la Unicode, akalifasiri kwa jedwali la nafasi 256 la mashine yake, na kila herufi asiyoijua akaweka badala yake alama ya kuuliza. Samba, programu huria iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwaka 1992 ili seva za namna nyingine zizungumze na kompyuta za Windows, ilifika mwaka 2003, katika toleo lake la 3.0, ndipo ikazungumza nazo kwa Unicode. Programu ya OpenAFS ya upande wa Windows, ambayo watumiaji wake wakubwa ni vyuo vikuu, nayo iliyapitisha majina katika majedwali ya zamani mpaka ilipoongezewa Unicode katika miaka ya 2000. Na hapa pana fundisho. Seva za mfumo huo hazikuhitaji kubadilishwa, kwa kuwa kwao jina ni baiti tu. Ugonjwa ulikuwa kwa mteja, na dawa ikatiwa kwa mteja. Mwenye jina hakuwa na kosa lolote tangu mwanzo.

Alama ya kuuliza isidharauliwe. Kwanza, Windows hairuhusu alama hiyo katika jina la faili, kwa sababu imetengwa kwa kazi ya kutafutia. Basi jina lililojaa alama za kuuliza haliwezi hata kutumika kuitia faili yake. Pili, tenzi mbili ambazo majina yao yana idadi moja ya herufi hugeuka jina moja, na ya pili ikinakiliwa mahali pa ya kwanza yaweza kuifuta kabisa. Tatu, hakuna njia ya kurudi. Baiti zilizosomwa vibaya zaweza kusomwa tena vizuri. Alama ya kuuliza haikumbuki ilikuwa nani.

Wanaoutetea ushauri wa kubadilisha majina wana hoja tatu, na kila moja inastahili jibu.

Hoja ya kwanza: Kiswahili cha leo huandikwa kwa herufi za Kilatini, tena bila vinyota wala vikofia, basi ASCII yatosha. Ni kweli kwamba Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilisanifisha tahajia inayotosheka na herufi za mashine ya taipu. Lakini jambo moja si jingine. Tahajia hiyo ni ya maandishi ya sasa. Haina mamlaka ya kuubatiza upya mswada wa mwaka 1728 wa Utendi wa Tambuka, ambao ni miongoni mwa miswada ya kale kabisa ya Kiswahili inayojulikana, wala kazi za Muhammad Kijumwa, mwandishi wa Lamu ambaye hati za mkono wake zilinunuliwa na wataalamu wa Kizungu hadi Ulaya. Wala tahajia hiyo haibebi kila sauti: kila mtu wa Mvita anaijua tofauti ya t ya meno na t ya ufizi, na herufi za Kilatini zilizosanifiwa hazimpi alama ya kuitia. Kuandika jina la mswada kwa Kilatini ni kulifasiri. Fasiri ni kazi njema, lakini hukaa pembeni mwa asili. Haiiti asili iondoke imwachie kiti.

Zaidi ya hayo, hata huyo anayejiona salama katika Kilatini hayuko salama. Atazame neno ng'ombe. Programu nyingi za kuandikia huigeuza ile alama iliyonyooka ya ng' kuwa alama iliyopinda, kwa ajili ya urembo, bila kumwuliza mwandishi. Alama iliyopinda haimo katika ASCII, wala haimo katika jedwali la kwanza la ISO la Ulaya Magharibi. Shairi likihifadhiwa kwa jina lenye alama hiyo, likapita kwa hamali wa namna ya pili, ng'ombe hufika na alama ya kuuliza shingoni. Kumbe hata Kiswahili sanifu, katika sauti yake iliyo ya Kibantu hasa, huomba ruhusa mlangoni.

Hoja ya pili: faili zipewe nambari, na majina yaandikwe katika daftari la orodha. Nambari ni jambo la heri, na ofisi ya nyaraka isiyokuwa na nambari ni soko la usiku. Lakini nambari ni ya mwenye ghala, jina ni la mwenye mali na la mwenye kutafuta. Daftari likipotea, faili elfu zenye nambari ni makaburi elfu yasiyo na mashahidi. Hakuna kinachozuia nambari na jina kukaa pamoja katika mstari mmoja, isipokuwa uvivu wa aliyeandika programu. Na wanaoisifu nambari mbele za watu ndio hao hao ambao katika kompyuta zao wana faili iitwayo utenzi1, na utenzi1mpya, na utenzi1mpya2, wasijue ipi ndiyo ya mwisho.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito. Wanasema Unicode ina mitego: maumbo mawili yanaweza kufanana machoni na yakawa nambari mbalimbali ndani. Ni kweli. Alifu yenye hamza juu yake yaweza kuandikwa kwa nambari moja, au kwa mbili, ya alifu na ya hamza. Jina Muhammad likiandikwa kwa irabu zake zote, mwandishi aghalabu hutia shada kwanza kisha fataha. Kanuni ya mpangilio ya Unicode huitanguliza fataha. Kwa macho ni jina moja, kwa mashine ni majina mawili, na programu isiyo na busara humwambia msomaji kwamba faili haipo ilhali anaitazama. Mfumo wa HFS+ wa kampuni ya Apple, uliotoka mwaka 1998, ulikuwa ukiyafumua majina na kuyahifadhi kwa mpangilio wake wenyewe, na yalipopelekwa kwenye seva za namna nyingine yakazaa mapacha wasiotambuana.

Lakini tiba ya mtego huu si kupiga marufuku herufi za watu. Tiba ni kanuni ndogo ya maneno mawili: hifadhi kama ilivyoandikwa, linganisha kwa busara. Kampuni hiyo hiyo ilipoleta mfumo wake mpya, APFS, katika kompyuta zake mwaka 2017, uliyahifadhi majina kama yalivyoandikwa na kuyatambua mapacha wakati wa kutafuta. Kwa hiyo hata hoja yenye uzito imekwisha kujibiwa, tena kwa vitendo.

Kipo pia kipimo cha urefu, ambacho watetezi wa ASCII hawakitaji kwa kuwa hakiwagusi. Mifumo mingi ya Linux huliwekea jina mpaka wa baiti 255. Mwandishi wa Kiingereza hupata herufi 255. Mwandishi wa hati ya Kiarabu hupata 127, kwa kuwa kila herufi yake huchukua baiti mbili. Na akitia irabu, kila irabu huchukua mbili nyingine, akabakiwa na herufi 63 zenye irabu zake. Kiswahili, kwa vokali zake zinazojaa kila silabi, hakiwezi kuziacha irabu kama Kiarabu kinavyoziacha. Silabi 63 zatosha jina la utenzi, hazitoshi jina la utenzi na la mtunzi na nasaba yake. Usawa ulioandikwa katika jedwali haujafika katika rafu.

Wala sheria peke yake haitoshi. Toleo la nne la NFS, katika waraka wake wa viwango nambari 3530 wa mwaka 2003, liliamuru majina yabebwe kwa UTF-8. Mwaka 2015 waraka ulioufuata, nambari 7530, ulilazimika kukiri kwamba watengenezaji wengi hawakuifuata amri ile barabara. Amri isiyokuwa na mdai hulala. Na wadai wa haki hii hawawezi kuwa wale ambao majina yao hayajapata kufutwa. Hao hawaoni kitu.

Basi madai yatajwe, tena kwa uwazi. Programu inayobeba faili ilibebe jina kama lilivyo. Ikishindwa, ikatae kwa sauti na imwambie mwenyewe imeshindwa. Isinyamaze ikaweka alama ya kuuliza mahali pa herufi. Majina ya zamani ambayo jedwali lake halijulikani yahifadhiwe baiti kwa baiti, yasibahatishwe kisha yakaandikwa upya, kwa maana kubahatisha ni kufuta kwa adabu. Na mwongozo wowote wa kuhifadhi maandishi unaomwamuru Mswahili atumie herufi a hadi z peke yake uondolewe, au uandikwe juu yake kwamba unahudumia mashine zilizokwisha kuzeeka na si watu.

Chuo, maktaba na ofisi ya nyaraka ya visiwani isinunue mfumo wowote kabla ya kuujaribu, na jaribio lenyewe halina gharama. Itengenezwe folda moja. Ndani yake ziwekwe faili nne: moja jina lake lianze kwa پ, ya pili liwe na ڤ, ya tatu liwe na shada juu yake fataha, ya nne liwe na ng' kwa alama iliyopinda. Folda ipelekwe kwenye seva kutoka kompyuta ya namna moja, ifunguliwe kutoka kompyuta ya namna nyingine, kisha irudishwe. Majina manne yakirudi kama yalivyokwenda, muuzaji alipwe haki yake. Yakirudi na alama za kuuliza, arudishiwe mzigo wake, na asiambiwe jingine ila kwamba hapa hamali hafuti chapa.